Kibarua Kilichoota Nyasi

Mjukuu wangu alikuja juzi kutoka mjini akiwa na godoro kichwani na sanduku mkononi, nami nilijua kabla hajaniamkia. Mtu mwenye kazi harudi nyumbani na godoro. Alisema, "Shikamoo, babu," kwa sauti ya msibani, akakaa kwenye kigoda na kutazama vidole vya miguu yake. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa maneno matatu tu.

"Kibarua kimeota nyasi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, na bibi yake, aliyekuwa akichambua mlenda mlangoni, naye akaangua kicheko akamwaga nusu ya ungo. Kijana wa watu alikasirika, na alikuwa na haki. Mtu amefukuzwa kazi, amesafiri na godoro lake juani, kisha wazee wawili wasio na meno ya kutosha wanamcheka. Basi nikaona afadhali nimweleze, na nilipokwisha kumweleza nikaona afadhali niandike, maana kumbukumbu zangu nazo zimeanza kufungasha virago.

Usemi wenyewe kila mtu anaujua. Aliyefukuzwa kazi, kibarua chake kimeota nyasi. Hausemwi kwa mtu aliyeacha mwenyewe kwa kuwa amepata kazi bora, wala kwa mzee aliyestaafu kwa heshima zake. Husemwa kwa aliyeachishwa, tena mara nyingi pembeni, yeye akiwa hayupo. Au husema mwenyewe, kama alivyosema mjukuu wangu, ili awawahi watu kabla hawajamsema. Na kuna wa kuonya nao: endelea kuchelewa hivyo hivyo, utaona kibarua kinaota nyasi. Nasikia siku hizi wengine wanasema kimeota mbawa. Hayo ya mbawa siyajui. Nyasi nazijua.

Mimi ni Mgogo, na kwa Mgogo usemi huu una ukorofi wake. Waliouanzisha lazima walikuwa wakulima wa nchi za mvua, ambako shamba likiachwa wiki mbili linamezwa. Hapa kwetu Ugogo, nchi ya ukame na mifugo, nyasi hazijawahi kuwa habari mbaya. Tunaziomba, tunaziota usingizini, na zikichomoza tunaitana kwenda kuzitazama. Sidai kwamba usemi huu ulizaliwa kwangu, ingawa nikinywa pombe kidogo huwa nadai. Ninachosema ni kwamba sijui mtu mwingine ambaye kibarua chake kiliota nyasi kweli, za kijani, mpaka magotini, na ambaye hakujuta hata siku moja.

Ilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, reli ilipokuwa imekwisha kupita Dodoma ikielekea Tabora. Mimi nilikuwa kijana mwenye kifua na maneno mengi. Siku hizo kibarua kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Kilikuwa kikaratasi kigumu chenye vijumba, na kila jioni nyapara alitia alama kwenye kijumba kimoja. Vijumba vyote vikijaa ndipo unalipwa. Changu nilikizungushia kitambaa nikakivaa shingoni, na nilikilinda kuliko nilivyolinda meno yangu.

Kazi yangu ilikuwa kufyeka. Garimoshi la wakati ule lilikula kuni na kutema cheche, na cheche zikiangukia nyasi kavu, moto unakwenda mpaka kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo njia yote iligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na mtu wake. Changu kilianza kwenye daraja dogo na kuishia kwenye majabali mawili, upande wa kwenda Zuzu. Nilifyeka kwa mundu pande zote mbili za tuta, nikakusanya marundo, nikasubiri upepo utulie, kisha nikayachoma nyapara akiangalia. Nyapara wetu alikuwa Mnyamwezi mrefu, aliyetembea na njia tangu safari za misafara, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha garimoshi bila bendera. Kiboko alikuwa nacho, maana kila nyapara wa Wadachi alipewa, nami nimeona wenzangu wakilazwa chini. Hayo siyapambi. Lakini yule wa kwetu alipenda zaidi kutupiga kwa ulimi, na ulimi wake uliuma pia.

Kilichonipeleka kwenye kazi ile kilikuwa binti mmoja. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, iliua ng'ombe wa baba yangu wote nilipokuwa mtoto, tukabaki na mbuzi. Baba wa yule binti, aliyeishi bonde la pili kutoka kwetu, alikubali mahari ya mitamba minne. Ilikuwa mahari ya huruma. Kabla ya sotoka hata kuku wangeicheka. Nilikuwa nimekwisha kupata mitamba mitatu kwa kazi ya reli, na wa nne alikuwa bado yumo ndani ya vijumba vya kile kikaratasi. Kila alama ya jioni ilikuwa kama kwato moja, au sikio moja. Nilihesabu kwamba kabla ya mavuno nitakuwa nimemaliza mpaka mkia.

Ndipo mvua zikakatika. Zilianza vizuri, zikanyesha mara tatu kwa nguvu, kisha mbingu ikafungwa. Mtama ulisimama urefu wa kiganja ukasita hapo. Malisho yaliyochipua yalirudi kuwa vumbi, na ng'ombe wakaanza kukonda mpaka ukaweza kuwahesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya bonde. Palipobaki kijani palikuwa mahali pamoja tu: kando ya reli. Udongo wa kujengea tuta ulikuwa umechimbwa pale pale, ukaacha mashimo marefu, na mashimo yale yalikuwa yameshika maji ya zile mvua tatu. Nyasi ziliota humo kwa furaha kubwa. Nami nililipwa ili nizichome.

Mwezi ule mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alinipeleka kwa baba wa binti ili tupange siku ya kupeleka ng'ombe. Tuliketi nje ya tembe. Mzee alikuwa mtu mkavu, mwenye macho yasiyopepesa, na fimbo yake aliilaza mapajani muda wote kama mtoto. Tulisalimiana vizuri, mbukwenyi, mbukwa, tukapewa maji. Kisha akanigeukia.

"Nasikia wewe uko reli."

"Ndiyo, baba."

"Unafanya nini huko?"

"Nafyeka nyasi, baba."

"Zikishafyekwa mnazipeleka wapi?"

Nilijibu bila kufikiri, kwa kuwa nilikuwa najivunia kazi yangu. "Tunazichoma."

Zizini kwake ng'ombe mmoja alilia, sauti nyembamba ya mnyama mwenye njaa. Mjomba akakohoa, dalili kwamba ameona shimo ambalo mimi nimekwisha kutumbukia.

"Mnachoma nyasi," mzee akasema. "Mwaka huu."

"Ni amri ya Wadachi, baba."

"Mdachi hajaniomba binti." Akamgeukia mjomba. "Ndugu yangu, mrudishe kijana wako nyumbani. Ng'ombe wake wazuri, ukoo wake naujua. Lakini mtoto wangu simpi mtu anayechoma nyasi mwaka kama huu."

Tukaondoka. Njiani mjomba alisimama mara moja tu, akaniambia kwamba ningeweza kusema tunazitupa, au tunawapa punda wa Mdachi, au lolote lile ambalo mtu mwenye akili angelisema. Niliumia. Niliumia zaidi kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa mtoto wa mfugaji kabla sijawa mtu wa reli. Kila rundo nililolitia moto wiki zile, pua yangu ilikuwa ikiniambia jambo ambalo masikio yangu hayakutaka kulisikia.

Siku ya tatu yule binti alikuja na wenzake kuchota maji kwenye yale mashimo. Wenzake wakatangulia kwa adabu iliyojaa vicheko, yeye akabaki akijifanya kamba ya kibuyu imemshinda kufunga.

"Baba hatabadilika," akasema bila kunitazama.

"Nifanyeje? Nikiacha kazi, ng'ombe wa nne sipati. Nikiendelea, wewe sikupati."

"Nani amekuambia uache kazi? Mdachi anataka nyasi zitoke hapa. Amesema ziende wapi?"

"Zichomwe."

"Zikiondoka, atajuaje zimeliwa na moto au na ng'ombe?" Akaweka kibuyu kichwani. "Yule mweusi wetu mwenye pembe iliyopinda haamki tena mwenyewe. Kila asubuhi kaka zangu wanamwinua kwa kumshika mkia na mabega. Mama yake ndiye peke yake aliyebaki kwetu baada ya sotoka. Akifa huyo, baba atakuwa hafai kuzungumza naye habari ya ndoa wala ya nini."

Akaenda zake. Nilibaki na mundu mkononi nikijiona mjinga, na nilikuwa na furaha kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amenionyesha kwamba ile "sikupati" yangu haimpendezi, ingawa hakutamka hivyo.

Jioni ile nilikata nyasi mbichi, nikafunga mzigo, nikaubeba kichwani mpaka kwa mzee. Msomaji asiye wa kwetu hataona neno hapo. Lakini Mgogo habebi nyasi. Ng'ombe ndiye anayefuata nyasi kwa miguu yake minne, na mwanamume humfuata nyuma na fimbo. Kupeleka ng'ombe kwenye reli hakukuwezekana, maana mnyama akionekana karibu na tuta alikamatwa na mwenyewe alikamatwa pamoja naye. Kwa hiyo nilikwenda na mzigo wangu kichwani kama bi harusi na mtungi, na watoto wa mabonde mawili walinisindikiza wakiimba kwamba nimeolewa na ng'ombe. Nilifika, nikautua mzigo mbele ya zizi, nikaondoka bila kubisha hodi.

Kesho yake nikarudi. Keshokutwa pia. Mzigo wa kwanza kwa mzee, wa pili nyumbani kwa mitamba yangu mitatu. Mzee hakuwahi kutoka. Lakini kila nilipofika niliikuta kamba ya mzigo wa jana imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe lile lile, ikinisubiri. Mtu anayekukunjia kamba hajakufukuza.

Kosa langu lilikuwa moja, na ni kosa ambalo mtu wa pwani au Mnyamwezi asingelifanya. Nyasi zikikatwa zote kwa mara moja, kwa jua lile zinakuwa makapi kabla ya kesho. Ng'ombe dhaifu anataka mbichi, kidogo kidogo, kila siku. Kwa hiyo niliacha kufyeka kipande chote. Nilikata pale tu palipokuwa laini zaidi, kiasi cha mizigo miwili, pengine nikaziacha kwa makusudi zile changa zikue kidogo. Nilianza kulitazama tuta la reli kama malisho yangu. Mdachi alitaka nifyeke kwa mwendo wa garimoshi, nami nikawa nafyeka kwa mwendo wa tumbo la ng'ombe. Na nyasi zenyewe, kwa kuwa zilikuwa na maji, hazikuwa na subira.

Nyapara aliona. Alisimama juu ya tuta asubuhi moja, mikono kiunoni, akatazama upande huu na upande ule. Vipande vya jirani vilikuwa vyeupe kama sahani iliyolambwa. Changu kilikuwa kinapepea.

"Mgogo!" akaita. "Hiki kibarua chako kinaota nyasi!"

Wote wakacheka. Nilimwambia nitafyeka. Akashuka, akanisogelea, akapunguza sauti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwake.

"Nakuona jioni na mizigo yako. Mimi nimeoa mara tatu, naelewa. Lakini Bwana wa njia anakuja wiki hii kwa kiberenge. Fyeka leo na kesho, uende kwa mkweo Jumamosi."

Ulikuwa ushauri mzuri na nilikusudia kuufuata. Nilifyeka asubuhi nzima. Mchana akapita mmoja wa kaka zake binti, akaniambia yule mweusi asubuhi ile ameinuka mwenyewe. Ameyumba, amesimama, amelia kuomba chakula. Niliacha kufyeka. Nilikata mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kubeba, nikaenda nao mchana kweupe, saa za kazi, nikiimba.

Niliporudi, kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kilikuwa kimesimama kwenye kipande changu. Mdachi alikuwa ameshuka, mwekundu shingoni, na fimbo yake ilikuwa imesimama ndani ya nyasi ikimezwa nusu.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Nyasi, Bwana."

"Mimi najua nyasi! Kwa nini iko hapa?"

Sijawahi kuwa mwoga wa kujibu, na hilo limeniponza maishani mara nyingi. "Kwa sababu hapa ndipo penye maji, Bwana."

Nyapara aliangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Mdachi alinyoosha mkono. Nikavua kitambaa shingoni, nikafungua, nikampa kikaratasi changu. Kilikuwa kimebakiza vijumba sita. Akakichana mara mbili, vipande vikapeperuka vikaangukia nyasini, akapanda kiberenge chake akaondoka. Nashukuru hakuagiza kiboko; nadhani alikuwa na haraka.

"Haya," akasema nyapara, na safari hii hakukuwa na kejeli. "Kimeota, ndugu yangu."

Nilikaa ukingoni mwa shimo. Nitasema kweli, nililia. Ng'ombe mzima alikuwa amechanwa mbele ya macho yangu, na bila yeye sikuwa na mahari, na bila kazi nisingepata mwingine, na binti wa watu hasubiri mtu mpaka azeeke. Nililia kama nusu saa. Kisha nikaona nyasi bado zipo na mimi bado nina mundu, na kwa kuwa sikuwa tena mtu wa Mdachi, hakukuwa na aliyeniamuru nichome. Nikakata mzigo wa pili.

Safari hii mzee alikuwa amesimama penye mlango wa zizi. Nikautua mzigo.

"Leo umekuja mara mbili," akasema.

"Ndiyo, baba. Na leo ni mwisho. Nimefukuzwa kazi."

"Kwa nini?"

"Sikuzichoma."

Akanitazama kwa yale macho yasiyopepesa. Nikaona heri nimalize yote kwa pumzi moja. Nikamwambia kwamba ng'ombe wa nne sina, sitampata karibuni, na kwamba sikuja kuomba anipunguzie, nimekuja kusema tu ili asisikie kwa watu. Yeye akageuka akaingia zizini. Nilidhani ameniacha hapo. Kisha akaniita kwa kichwa.

Yule mweusi mwenye pembe iliyopinda alikuwa amesimama katikati, anatafuna. Mzee akampapasa mgongoni, akashuka mpaka kwenye nyonga, akaushika mkono wangu akauweka pale. Chini ya ngozi nilihisi nyama, chache, lakini nyama.

"Huyu alikuwa amekufa," akasema. "Nilikwisha kunoa kisu. Unaniambia huna ng'ombe wa nne? Wa nne huyu hapa. Umeniletea kichwani, vipande vipande, na mimi nilikuwa namhesabu kila jioni."

Nikatoka, nikaufungua mzigo, nikamletea nyasi mdomoni.

Tuliozwa mvua za mwaka uliofuata, zilizonyesha sana. Wanawake walipiga ngoma zao mpaka ngozi zikalegea wakazirudisha motoni zikazwe. Nyapara alikuja kutoka reli na kanzu safi, akanywa vya kutosha, akasimama mbele ya wakwe zangu akatangaza kwa ile sauti yake kwamba bwana harusi ndiye mtu pekee katika njia nzima aliyefukuzwa kazi na mifugo ikanenepa. Mama mkwe, ambaye kwa adabu zetu sikupaswa kumtazama, nilimsikia akipiga vigelegele kuliko wote.

Yule mweusi alizaa miaka mingi, na mzee akawa anatugawia ndama wake. Karibu ng'ombe wote walio zizini kwangu leo wana pembe moja iliyopinda.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjukuu wangu, godoro lake likiwa bado limelala uani. Alisikiliza, akatabasamu kidogo, kisha akasema kwa uchungu kwamba siku zile ni zile, na yeye sasa hana mbele wala nyuma. Ni bibi yake aliyejibu, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kibarua cha babu yako kiliota nyasi mpaka magotini," akasema. "Kisingeota, wewe leo ungekuwa umekaa kwenye kigoda cha nani? Ingiza godoro ndani, kisha uje uninyanyulie ndama zizini, leo hajaamka mwenyewe."